Mnofu Mgongoni kwa Bi Kobe

Kaeni vizuri. Anayetaka kubisha abishe mwishoni, maana habari hii ukiikatiza katikati inachacha.

Ukame uliingia katika msitu wa Simba. Si ukame huu wenu wa kukosa mboga! Jua liliwaka mpaka vivuli vikawa vinatafuta kivuli. Mto ulikauka, samaki wakajifunza kutembea, wakawa wanapiga hodi kwa vyura kuomba maji ya kunywa. Mbu akiuma anatoka na vumbi. Kilibaki kisima kimoja tu, ndani ya ua wa Simba, na kila mnyama alikuwa na zamu yake. Kufutiwa zamu ilikuwa ni kufa, tena kufa mkavu kama dagaa.

Na Simba, kwa maringo yake, alikuwa na sheria moja tu: kosa ni jambo lolote linalomuudhi Simba, na adhabu yake ni kufutiwa zamu. Ukiua, umefutiwa. Ukiiba, umefutiwa. Ukicheka wakati yeye anachana manyoya, umefutiwa vilevile.

Ndani ya ua huohuo ulikuwepo mkwaju, na juu yake Simba alitundika nyama yake ya akiba. Langoni alikaa Kanga, mkali kiasi kwamba hata upepo ukipita aliuuliza unatoka kwa nani. Fisi ndiye aliyepekuliwa kuliko wote. Kila akitoka kunywa maji, Kanga alimchungulia mpaka katikati ya meno.

Mchana mmoja, Simba akikoroma, Fisi akaangua mnofu mmoja pale mtini. Mnofu ulionona huo! Mafuta yake yalidondoka mpaka sisimizi wa chini walikuwa na vitambi. Akaufunga majani tabaka kwa tabaka, halafu akamwona Bi Kobe anatoka kisimani, pole pole, kama kawaida yake.

"Shikamoo, Bi Kobe."

Bi Kobe nusura aanguke chali. Tangu azaliwe Fisi hajawahi kumwamkia. "Marahaba, baba. Kwema?"

"Kwema. Mke wangu kajifungua, hii ni dawa yake. Mimi bado nasubiri zamu. Nipitishie langoni, uniwekee pale kwenye kichuguu. Ila ukiifungua tu, nguvu yake inatoka."

"Hongera, baba. Dawa ya mzazi haichunguliwi, hilo nalijua. Weka mgongoni."

Na msitu ule, kufungua mzigo wa amana ilikuwa aibu kuliko kumvua mama mkwe kilemba. Bi Kobe akaondoka nao bila hata kuunusa. Nyuma yake inzi wakamfuata kama wanasindikiza harusi. Kanga akaona msafara huo, akafungua mzigo, akapiga kelele hizo, mpaka nyota zikachungulia mchana kuona kuna nini.

Simba akaamka, akaketi, akatikisa manyoya. "Nyama yangu imekutwa mgongoni kwako. Kesi imekwisha. Umefutiwa zamu."

"Mfalme, nimepewa na Fisi," Bi Kobe akalia. "Kaniambia ni dawa ya mke wake."

"Mimi?" Fisi akashika kifua. "Mke wangu hajazaa tangu mwaka wa mafuriko! Mama, ukubwa huo na uongo?"

Bi Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, machozi yakawa yanatokea mkiani. Hapo Sungura, aliyekuwa kwenye foleni ya maji, akainua mkono.

"Mfalme mtukufu, kuna neno dogo. Juzi ulipiga chafya, sivyo?"

"Nilipiga. Chafya ya kifalme!"

"Kubwa sana. Tumbili akadondoka mtini akavunjika jino. Hilo ni kosa la kujeruhi. Nani anakufutia wewe zamu?"

Wanyama wakaacha kupumua. Simba akanguruma, "Mpumbavu! Mimi nilikusudia kumwangusha Tumbili? Pua iliniwasha!"

"Kumbe!" akasema Sungura. "Kumbe tendo peke yake halitoshi, mpaka na moyo uwe umekusudia ubaya. Sasa Bi Kobe mgongo wake umebeba, hilo tumeliona. Moyo wake ulijua? Nani kauona?"

Simba akakuna kidevu. "Athibitishe kwamba hakujua."

"Hapana, Mfalme. Anayemshitaki ndiye athibitishe kwamba alijua. Ingekuwa vinginevyo, Tumbili angekuambia uthibitishe kwamba pua iliwasha."

Simba akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hayo yote niliyajua kabla sijaota meno," akasema. "Nilikuwa nawapima akili. Asiyejua alichobeba hana kosa."

"Hekima hiyo ingejaza visima saba," akasema Sungura, halafu akapaza sauti huku jicho moja liko kwa Fisi. "Na kwa ukarimu wako, Mfalme, najua utasema mtu aliyebebeshwa bila kujua alipwe fidia ya kufedheheshwa. Paja zima, kwa mfano."

Simba akisifiwa ukarimu hawezi kukataa. "Paja zima! Tena la nyuma, lenye mafuta!"

Mate yakamtoka Fisi. Waliokaa karibu wakasogea wasilowe. Akili ikamwambia nyamaza kidogo tu, lakini tumbo la Fisi halijawahi kusema nyamaza; lilichosema ni *paja*.

"Mfalme!" akaruka katikati. "Na mimi fidia yangu! Na mimi sikujua!"

"Hukujua nini, kaka?" Sungura akamuuliza taratibu.

"Sikujua kama ni nyama. Niliona kitu kinaning'inia mtini, nikadhani kipande cha gogo."

"Pole sana. Ukalifanya nini hilo gogo?"

"Nikalifunga majani."

"Ya nini?"

"Harufu isitoke."

"Gogo linanukia?"

"Hili lilikuwa limenona!"

Kanga akaanza kucheka kwa kwikwi. Sungura wala hakutabasamu. "Na mbona hukulibeba mwenyewe?"

"Na Kanga anavyonipekua vile? Si angelikamata!"

Pale ndipo Fisi alipojisikia. Akafunga mdomo kwa miguu yote miwili ya mbele, lakini maneno yalishatoka na yalikuwa yameketi mbele ya Simba. Msitu mzima ukacheka, mpaka mkwaju ukadondosha majani.

"Moyo hauonekani," Sungura akawaambia, "ila anayeficha harufu na kukwepa mlinzi, nia yake kaileta mwenyewe mkononi."

Simba akasimama manyoya wima. "Ashitakiwe kwa uhaini! Kwa mauaji! Kwa kuchoma msitu!"

"Msitu hata haujaungua, Mfalme," Sungura akamkumbusha. "Na wote tuko hai. Hili ni kosa la wizi, na lile la kumsingizia mtu wa watu. Apewe adhabu ya hayo, si ya makosa ambayo hakutenda. Ukimfutia zamu atakufa, na mnofu wenyewe umerudi."

"Basi mwenye kusingiziwa aseme."

Bi Kobe akatoa kichwa. "Paja wapeni wenye meno. Mimi nataka mtu wa kunibebea maji mpaka mvua irudi. Atembee nyuma yangu, na asinipite."

Ikawa hivyo. Njia ambayo Fisi huimaliza kabla hujafikicha jicho, sasa alianza jua likichomoza na jioni bado hajatoka langoni. Tena Bi Kobe hampiti mtu bila kumwamkia. "Hamjambo? Watoto? Na yule aliyeumwa mguu? Mama mkwe je?" Fisi ametulia nyuma na mtungi kichwani, ulimi nje, anasubiri swali la mama mkwe lijibiwe.

Kwa hiyo ukikutwa na kitu cha mwenzio na kweli hukujua, sema hivyo bila kutetemeka. Lakini kama ulijua, ndugu yangu, usiende kudai fidia.