Mwezi wa Kubadilishana Cherehani

Mafundi cherehani wawili, ndugu wa tumbo moja waliofundishwa kushona na mama yao, walikubaliana katika kila jambo isipokuwa moja: nani kati yao anaishi kwa raha. Dada mkubwa alibaki katika mji mdogo, akishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Mdogo wake alikuwa jijini, mwendo wa siku nzima kwa basi, akishonea ghorofa ya tatu katika jengo lililojaa mafundi kama siafu. Kila walipopigiana simu, walianza kwa salamu na kuishia kwa mabishano.

"Wewe unakula kuku kwa mrija," mkubwa alisema. "Gauni moja huko unalipwa bei ya magauni matatu ya huku! Na bado unachomtumia mama ni kiduchu. Bahili wewe!"

"Na wewe unakaa bure, dada," mdogo alijibu. "Kodi unaisikia redioni tu."

Mwaka huo mkubwa alichoka kubishana. Alimpata mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyeitaka nyumba ile aigeuze ghala, akiwa tayari kungoja mpaka mwisho wa mwezi, si siku moja zaidi. Nyumba iuzwe, mama ahamie jijini, naye mkubwa akafungue duka la kushona huko. Mdogo aliposikia kwamba naye atapata fungu lake, aliunga mkono bila kuuliza mara mbili, akapanda basi kuja kumshawishi mama. Ilibaki sahihi ya mama tu.

Mama, fundi mstaafu mwenye miwani minene na maneno machache, aliwasikiliza hadi mwisho.

"Sikatai," alisema. "Lakini nimeshona miaka arobaini, sijakata kitambaa cha mtu bila kumpima. Badilishaneni mwezi mmoja. Kila mmoja akae kwa mwenzake, ashonee wateja wa mwenzake, ale jasho lake. Mkirudi mkasema niuze, nauza."

Wote wawili walicheka, kila mmoja akiona ameangukiwa na bwerere.

Siku ya kwanza jijini, mkubwa alilipwa kwa gauni moja hela nyingi kiasi kwamba nusura acheze. Basi akaendelea na desturi yake ya nyumbani: mteja hapimwi kabla hajakaa akanywa kikombe cha chai. Kule kwao maji yalitoka bombani uani, na chai haikuwa gharama. Hapa habari za chai ya bure zilipanda na kushuka ngazi, na kufikia siku ya tatu benchi lilijaa watu wasio na hata kipande cha kitambaa. "Fundi mpya ana roho nzuri," walisifu huku wakinyoosha vikombe waongezewe. Maji yale yalinunuliwa kwa dumu, na mchukuzi alidai malipo kwa kila ghorofa aliyopanda.

Kisha akaja mlinzi, analipwa. Mzoa taka, analipwa. Choo kinalipiwa. Basi la asubuhi kuja kazini na basi la jioni kurudi chumbani kwa mdogo wake, nauli. Tarehe tano akaja mwenye nyumba, na upole wa mtu asiyewahi kuambiwa njoo kesho.

"Na jua je, tunalilipia lini?" mkubwa alimwuliza fundi viatu wa jirani.

"Shii, dada! Akikusikia ataleta risiti."

Chai ilikoma. Baadaye hata mkate ukawa wa kukatwa vipande vyembamba. Jumapili moja adhuhuri alikaa katika chumba cha mdogo wake, chumba ambacho mlango ukifunguliwa unagonga kitanda, akakumbuka neno alilozoea kulirusha kwenye simu. Bahili! Aliona aibu hata akajifunika uso kwa kanga.

Upande wa pili, mdogo alistarehe wiki nzima. Sokoni alinunua mchicha kwa bei iliyomfanya amwonee huruma muuzaji. Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu wa shule ya jirani alibisha hodi, suruali mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kiuno kimenikataa."

Alipotajiwa bei, mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. "Bei gani tena? Dada yako alituahidi, nguo ya mkono wake ikibana anaitanua bure, mpaka siku tutakayozikwa nayo!"

Nyuma yake kulikuwa na foleni. Ahadi hiyo mkubwa hakuitaja, kwa kuwa kwake ilikuwa jambo la kawaida kama kupumua, na mji mzima ulikuwa umenenepa juu yake kwa miaka kumi na mitano. Walioleta kitambaa kipya nao walilipa kwa mayai, boga, au "mwisho wa mwezi, mwanangu." Na uzi haununuliwi kwa boga. Duka la uzi lilikuwa moja tu, na mwenye duka alijua hivyo. Zipu zilitoka jijini, zikifika na nauli yake juu. Mdogo akabandika orodha ya bei mlangoni. Watu waliisoma kwa sauti, wakausifu mwandiko wake, kisha wakamkabidhi suruali za kutanua.

Mwezi ulipoisha walikutana chumba cha mbele. Mnunuzi alikuwa ameshakaa, karatasi mezani.

"Jijini kuzuri," alisema mkubwa, akiangalia dari.

"Na hapa kuna utulivu," alisema mdogo, akificha vidole vilivyochomwa na sindano.

"Basi nauza," mama alisema. Alivaa miwani, akaonyeshwa mahali pa sahihi, akashika kalamu. Ncha ilipogusa karatasi, mikono miwili iliudaka mkono wake kwa pamoja.

"Mama, subiri!"

Mtu na dadake wakatazamana, wakaangua kicheko. Cha mkubwa kiligeuka kilio.

"Nilikuita bahili, mdogo wangu. Kumbe hicho kidogo ulikuwa unakitoa mdomoni mwako. Nisamehe."

"Nami nilisema unakaa bure! Dada, wewe unaulipa mji mzima. Nimetanua viuno hamsini na viwili!"

Mnunuzi alikunja karatasi zake, akaaga kwa adabu, akaenda kutafuta ghala kwingine. Mama akavua miwani na kuwaambia neno ambalo mwezi mmoja nyuma wasingelisadiki: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.