Mitungi Hewa ya Bwana Mamba

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kisiwa.

Kisiwa kina nini?

Kina maji pande zote.

Na maji yana nini?

Yana kina!

Haya. Anayejua kuogelea asogee mbele. Asiyejua ajibu kwa sauti kubwa zaidi, tumsikie akizama. Hadithi ninayoileta ni uongo mtupu, isipokuwa pale penye mamba.

Hapo kale, si kale sana maana mabango ya biashara yalikwishakuwepo, paliondokea Bi Sange. Sange mnamjua? Yule mdogo wa msituni, mwili kama panya, pua ndefu isiyotulia. Nusa-nusa-nusa, ndiyo kazi yake mchana kutwa. Bi Sange aliolewa na kaka wa Pimbi. Msiniulize ndoa hiyo ilifungwaje. Hadithi haina msajili. La kujua ni kwamba Pimbi alikuwa wifi yake, mnono, mashavu yamejaa, na akisikia neno "bure" masikio yanasimama yenyewe.

Siku moja mawifi hao wakafunga safari kutoka bara kwenda kupumzika kisiwani. Pimbi alikuwa na hamu moja tu moyoni: azamie kwa mtungi wa kupumulia, aone matumbawe na samaki wenye mistari, kisha arudi awasimulie wa kwao mpaka wachoke. Mume wa Sange alimsindikiza mkewe hadi njia panda, akamwambia, "Mke wangu, mimi nina dada mmoja. Umeondoka naye, urudi naye."

"Nitarudi naye," akasema Sange. Na alimpenda kweli wifi yake, ingawa kumpenda Pimbi kulihitaji subira.

Wakashuka botini, Pimbi akipiga chafya. Chyaa!

"Una mafua, wifi?"

"Si mafua. Ni upepo."

Hatua chache tu wakaona kibanda kidogo, na kiubao kimeandikwa kwa mkaa: KASA. TUNAIBUA. Basi, hakuna zaidi. Ndani alikuwamo Mzee Kasa, gamba limechakaa, anapangusa mtungi mmoja polepole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni. Mnataka kuzamia? Mna mafua? Mna kikohozi? Mlikula saa ngapi? Mliwahi kuzamia kabla? Mkichelewa kuibuka, aitwe nani?"

Pimbi akamvuta Sange pembeni. "Wifi, tumekuja kuzamia au tumekuja kuposwa? Huyu mzee anauliza mpaka ukoo! Twende kwa wenye biashara yao."

"Lakini wifi..."

"Wifi, umezidi!"

Sange akamfuata, pua inacheza. Wakaenda.

Upande wa pili wa ufuo likasimama bango refu kuliko mnazi. Limepakwa rangi saba, na samaki waliochorwa wanacheka kuliko samaki wa kweli. KWA MAMBA. TUNAZAMISHA WAGENI TANGU ENZI. MITUNGI HEWA IPO. MALIPO BAADA YA KUIBUKA. Na chini yake Bwana Mamba mwenyewe amejilaza, tumbo mchangani, anaimba:

*Njoo uzame, njoo uzame,*
*matumbawe yanakuita;*
*njoo mnene, njoo mwembamba,*
*kwa Mamba hukataliwi!*

Alipowaona akacheka kwa meno yote, na meno yake mnajua yalivyo mengi. Akamtazama Sange mara moja. Akamtazama Pimbi mara tatu.

"Karibuni wageni wangu! Karibuni madafu!" Akapasua dafu, ka! Akanywa funda la kwanza yeye mwenyewe, akafuta mdomo. "Nimewatolea sumu, ndiyo desturi. Mwenyeji huonja kwanza. Kunyweni."

Pimbi akanywa, akafurahi. "Unaona, wifi? Huyu ana adabu. Hajatuuliza hata jina."

"Majina ya nini?" akasema Mamba. "Kwangu wote ni sawa."

Sange akalitazama bango. Nusa-nusa-nusa. "Bwana Mamba, hapa pameandikwa mitungi hewa. Nadhani ulitaka kusema mitungi *ya* hewa."

"Ni yale yale."

"Si yale yale. Mfanyakazi hewa ni yule asiyekuwepo kazini. Na mtungi hewa je?"

"Wifi!" Pimbi akaona aibu. "Unagombania 'ya' moja?"

"Hiyo 'ya' ndiyo pumzi yenyewe, wifi yangu." Akausogelea mtungi mmoja uliopakwa rangi ya dhahabu, akaugonga kwa ukucha. Do! do! Mzito, umeshiba. Akanusa pale mdomoni pake. Haukunuka hewa. Ulinuka mchanga.

"Bwana Mamba, nikuulize moja tu. Umeshazamisha wageni wangapi?"

Mamba akajivuna, magamba yakasimama. "Mia tatu na tisa!"

"Na umeibua wangapi?"

Mamba akajikuna shingo. "Ah. Unajua, Bi Sange, huko chini ni kuzuri sana. Mtu akifika hataki kurudi. Lakini nakuhakikishia, sijawahi kupata lalamiko hata moja. Hata moja!"

"Umesikia, wifi?" Pimbi akapiga makofi. "Mia tatu na tisa, na hakuna aliyelalamika! Mimi nazamia kesho, saa mbili, nimeshasema."

Sange akaogopa. Akajua kumshika Pimbi kwa nguvu hawezi, ni mzito kuliko yeye mara kumi. Kumshika kwa maneno ndiyo kabisa. Pimbi akikatazwa jambo ndipo hulikimbilia. Na kaka mtu yuko nyumbani, ana dada mmoja. Sange akakaa mchangani, akafikiri, pua ikifikiri pamoja naye.

Kesho yake asubuhi wakarudi. Mamba ameshapanga vyombo: mtungi wa dhahabu, na mkanda wa mawe wa kumsaidia mgeni asielee. Mkanda ule hufungwa mgongoni kwa fundo ambalo Mamba alilibuni mwenyewe, akaliita fundo la wageni. Likikazwa, limekazwa.

Sange akamsalimu kwa heshima, akainama mpaka pua ikagusa mchanga. "Bwana Mamba, jana nilikuficha jambo, unisamehe. Sisi wawili ni watangulizi tu. Nyuma yetu wanakuja ngiri arobaini."

Mate ya Mamba yakaanza: to! to! to! "Ngiri... arobaini?"

"Wana harusi yao. Wamenenepeshwa mwezi mzima. Wamenituma niwachagulie pa kuzamia. Wifi yangu amekusifu sana."

"Sana!" akasema Pimbi, ambaye habari ya ngiri ndiyo kwanza anaisikia, lakini hakupenda kuonekana hajui.

"Tatizo ni moja. Ngiri ni watu wa mila. Dafu ulilitoa sumu, wakisikia watafurahi. Lakini watauliza: je, maji aliyatoa sumu? Mwenyeji alitangulia, au aliwatanguliza wageni?"

Mamba akafikiri. Akafikiri kwa tumbo, ndivyo alivyozoea. Moyoni akasema: mimi nina pumzi ya saa nzima. Mtungi una mchanga, hewa ya nini? Nizame, niibuke, nimle huyu mnene kwa chai, kisha nisubiri arobaini.

"Hilo tu?" akasema. "Nileteeni mtungi mwingine."

"Kama mgeni?" akauliza Sange.

"Kama mgeni!"

"Na mkanda kama mgeni?"

"Kama mgeni!"

"Mkanda wa pimbi, au mkanda wa ngiri?"

"Wa ngiri," akasema Mamba, na mate, to! to! "Funga wa ngiri!"

Sange akafunga. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la nane. Kisha akapanda mgongoni, akakaza lile fundo la wageni, akakaza tena, akaning'inia kwa meno kulikaza mara ya mwisho. Mamba akajiburuta hadi ukingoni mwa mwamba.

Chubwi!

Akazama. Bu-bu-bu. Kimya.

"Anajua kazi," akasema Pimbi. "Tazama anavyotulia."

Huko chini Mamba aliona matumbawe mazuri na samaki wenye mistari. Aliona pia mikanda mia tatu na tisa imelala mchangani, kila mmoja na fundo lake, na hakuna hata fundo moja lililofunguka. Akaona ametosheka. Akapiga mkia apande. Hakupanda. Akapiga tena. Hakupanda. Akapeleka mkono mgongoni afungue fundo. Haukufika! Akapeleka mwingine. Haukufika! Maisha yake yote watu walimsema kwamba ana mkono mrefu, hachelewi kubeba cha mtu. Siku ile, kwa mara ya kwanza, akagundua mikono yake ni mifupi.

Juu, nusu saa ikapita. Pimbi akasema, "Pengine ni kweli ni kuzuri, hataki kurudi."

"Pengine," akasema Sange.

Ikapita nyingine kidogo. Pimbi akaacha kutabasamu. Akausogelea mtungi uliobaki, ule aliopangiwa yeye, akaufungua. Ukatoka mchanga, shaa, shaa, mpaka ukaisha. Pimbi akatazama mchanga. Akamtazama wifi yake. Akakaa chini pu! wala hakusema "umezidi".

Sange naye akalikumbuka lile fundo la mgongoni mwa Mamba, akaona ni yeye aliyelikaza. Hakupenda hesabu ile ifike mia tatu na kumi. Akakimbia kwa Mzee Kasa.

"Mzee, kuna mtu chini!"

"Alijaza fomu?"

"Hakujaza."

"Basi nitaijaza hukohuko," akasema Kasa. Akachukua kibao chake na mkaa, akashuka bila haraka. Akamkuta Mamba macho yamemtoka.

"Una mafua?"

"Bu!"

"Sijasikia. Una kikohozi?"

"Bu-bu!"

"Ulikula saa ngapi? Uliwahi kuzamia kabla? Ukichelewa kuibuka, aitwe nani?"

Hapo Mamba hakutoa hata povu. Alifikiri, na hakumpata hata mmoja wa kumwita. Kasa akaandika "Hakuna", akatia nukta, ndipo akakata mkanda kwa mdomo wake. Kacha!

Mamba akaibuka kama kizibo. Haaaa! Hakusimama kusalimu. Hakuuliza ngiri wako wapi. Akakata maji moja kwa moja hadi bara, akaingia mtoni, yumo mpaka leo. Nendeni mkamtazame: mwili wote majini, lakini pua na macho ameviacha nje. Anahakikisha hewa ipo.

Mawifi wakarudi kwa Mzee Kasa, safari hii Pimbi mbele. Wakajibu maswali yote, mpaka la ukoo. Kasa akasoma majibu taratibu, akatikisa kichwa.

"Wewe, Bi Pimbi, una mafua. Huzamii, masikio yatakuuma. Na wewe, Bi Sange, pua hiyo haiingii kwenye miwani yangu yoyote. Huzamii. Karibuni mwakani."

Basi wakakaa ufuoni siku zilizobaki, wakatazama maji kwa juu. Wakarudi nyumbani wote wawili. Kaka mtu akawahesabu njia panda, moja, mbili, akashukuru. Na Pimbi? Pimbi mpaka leo akikaa na wenzake husema, "Ningewaona samaki wenye mistari, basi tu, wifi yangu alikuwa na maswali mengi. Kule kwa Mamba hatukukataliwa."

Hadithi yangu imezama hapo. Ikiibuka nzuri, tugawane. Ikiibuka mbaya, mwachieni aliyeizamisha.

Nini tena? Funzo? Mnataka funzo na madafu mmeshakunywa! Haya, funzo ni hili. Mkienda kisiwani, waepukeni wazee wenye vibao na maswali, watawaharibia mapumziko. Nendeni penye bango refu. Kwa Kasa kila mwaka kuna wageni wanaonung'unika. Waliozamia kwa Mamba walikuwa mia tatu na tisa, na hajarudi hata mmoja kulalamika.