Kikapu Kipya cha Mbeyu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, na wewe acha kumfinya mwenzio. Palikuwa na wake wenza, Kadzo mkubwa na Mbeyu mdogo. Siku moja mume wao alirudi safari na kikapu kipya cha ukindu, kimoja tu, akampa Mbeyu.

“Kwa nini yeye, si mimi?” Kadzo akajiuliza. Wivu ukamjaa, akausukuma ugali kando.

Basi, wakaenda mlimani kuoga kwenye chemchemi za maji moto. Huko wanawake walikuwa wakitumbukiza vikapu vya magimbi kwenye jicho la chemchemi linalotokota, kila kikapu kimefungwa kitambaa cha mwenyewe kuwa alama. Magimbi yakiiva, wao wanaoga chini. Zimwi mwenye mlima hupita, akachukua gimbi moja kila kikapu. Akikuta kikapu kitupu, humchukua mwenyewe akachochee moto chini ya mlima, asirudi.

“Dada, tangulia kuoga,” Mbeyu alisema. “Vikapu nitatumbukiza mimi.”

Kadzo akaoga, lakini moyo ulikuwa juu. Kwa nini yeye, si mimi? Mbeyu aliposhuka, Kadzo akapanda kimyakimya. Mvuke ulikuwa mzito, vitambaa havionekani, ila kile kikapu kipya angekijua hata gizani. Kwa nini yeye, si mimi! Akamwaga magimbi yote, akarudi kuoga huku akitabasamu.

Basi, mlima ukatikisika. Zimwi akashuka, kikapu kipya kinaning'inia kidoleni.

“Kaniki hii ya nani?”

Wanawake wakarudi nyuma ndani ya maji.

“Kaniki hii ya nani?”

Kadzo akashtuka. Kitambaa cha Mbeyu kilikuwa chekundu. Kaniki nyeusi ilikuwa yake yeye.

“Kaniki hii ya nani?”

Mbeyu akamgeukia Kadzo. “Dada, niliona unavyokitazama kikapu changu. Nikakifunga kitambaa chako, kiwe chako. Nilitaka ukakione mwenyewe wakati wa kuopoa. Magimbi niliyajaza mpaka juu, sijui yamekwenda wapi.”

Kadzo alijua. Akataka kumwomba radhi, ulimi ukawa mzito. Zimwi akamshika mkono, akampa kikapu chake akibebe, wakaingia mlimani. Mbeyu alilia mpaka sauti ikamkauka.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye yale maji ambayo hayajapoa mpaka leo, maana Kadzo bado anachochea. Nanyi msimwonee mwenzenu wivu kwa alichopewa. Haya, nendeni mkalale, na yule aliyekuwa akifinya aombe radhi kwanza.