Fulana Tano za Rangi ya Chungwa

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Walimaanisha kwamba kitu kisichopiga kelele usikidharau, kwa kuwa hujui kimeficha nini. Wengi wetu huitumia methali hii kwa mtu mpole anayekuja kuwashangaza wenzake. Lakini maji nayo hunyamaza, na mtoto naye hunyamaza, na ole wake mzazi asiyejua kusikiliza kimya. Kisa cha mama mmoja fundi cherehani kitatufundisha.

Mama huyo alizaliwa na hofu kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni. Mtoto akikohoa mara moja, yeye keshavaa viatu vya kwenda hospitali. Mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba, hakuacha kumtania.

"Mama watoto," alikuwa akimwambia, "wewe ukikosa cha kuogopa, unaogopa kwa nini huogopi."

Siku baba alipopata likizo, ya kwanza tangu waoane, alitangaza kwamba familia nzima itakwenda kisiwani kupumzika siku nne. Watoto waliruka mpaka vikombe vikacheza mezani. Mama naye alifurahi, ila furaha yake ilipitia kwanza kwenye cherehani. Alikuwa na kitambaa cha rangi ya chungwa kilichobaki katika jezi za timu fulani, rangi kali ya kuumiza macho. Akakikata, akashona fulana tano: ya mumewe, ya wifi yake, mbili za watoto pacha, na moja ya kitinda mimba wake, binti wa miaka saba. Binti huyo walimwita Chiriku, kwa maana mdomo wake haukujua siku ya mapumziko.

"Na yako iko wapi?" aliuliza wifi.

"Mimi ndiye nitakayehesabu. Nikiona tano, roho inatulia."

"Haya makubwa! Wifi, tunakwenda kupumzika au tunakwenda kutengeneza barabara?"

Walicheka wote, mama akiwemo, lakini fulana walizivaa.

Chumba walichopata kisiwani kilikuwa ghorofa ya pili, chenye vitanda vinne na feni iliyolia kwii kila ilipogeuka. Ukifungua dirisha, unaona barabara ya mjini yenye taa za magari, na ng'ambo yake tu, ufuko mweupe uliopangwa miavuli. Bahari ilikuwa imetulia tuli kama maji ya beseni. Hapakuwa na wimbi hata la kulowesha kifundo cha mguu.

"Haya sasa, ogopa tukuone," alisema baba.

Mama alicheka. Alivua kandambili, akatia miguu majini, akahisi mchanga ukimtekenya nyayo. Ilikuwa miaka mingi tangu miguu yake iguse kitu kisichokuwa kanyagio la cherehani. Akasimama pale akitabasamu peke yake kama bibi harusi.

Hata hivyo, mazoea yana taabu. Kabla hajaketi alimwendea mlinzi wa ufuko, mwanamke wa makamo mwenye filimbi shingoni, aliyekaa juu ya kiti kirefu cha mbao.

"Dada, leo bahari imelala?"

"Imelala jicho moja, mama," alijibu mlinzi. "Bahari ikipiga kelele, watu wenyewe wanaogopa, mimi kazi sina. Ikinyamaza hivi ndipo nakaza macho. Unauona upepo?"

"Siuoni, wala siusikii."

"Ndiyo hivyo. Unatoka mjini, unakwenda baharini. Hapa majengo yanakukinga. Ila kitu cha kupuliza kikifika pale mbele, kinaondoka kama kimeitwa. Kama mna boya, lishikeni."

Mama alirudi mbio, kwani boya walikuwa nalo. Wifi alikuwa amemnunulia Chiriku bata mkubwa wa kupuliza, wa manjano, na wakati huo baba alikuwa akimjaza pumzi, mashavu yamemtuna kama maandazi. Mama alitoa mkobani kamba ya pamba aliyoitumia kushonea midomo ya mifuko ya shule. Akamfunga bata shingoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa mwavuli.

"Wifi!" Shangazi mtu alishika kiuno. "Umekuja ufukweni au mnadani? Bata anafungwa kamba kama mbuzi?"

"Mbuzi wa kamba halali porini, wifi."

"Mama," alidakia Chiriku, "bata huyu akila kamba atakufa? Mama, kwa nini mayai hayana mshono? Aliyeyafunga alifungia wapi? Mama, samaki wakilia, machozi yao yanakwenda wapi?"

"Kaogelee, mwanangu, masikio yangu yapumue kidogo," alisema mama. Lo! Laiti angejua kwamba ombi lake litasikiwa.

Asubuhi ilikuwa tamu kama sukari guru. Pacha walichimba shimo, wakamfukia baba yao miguu mpaka mapajani, naye akawa analia kwa utani, "Jamani, nimeota mizizi!" Wifi alipiga picha kila kilichosogea. Mama aliketi chini ya mwavuli akimenya mayai ya kuchemsha, na kila baada ya yai aliinua macho na kuhesabu. Pacha, moja, mbili. Baba, tatu. Wifi, nne. Chiriku, tano. Roho inatulia, anaendelea.

Mzazi mwenzangu, hapa ndipo makosa yanapoingia, tena yanaingia kwa kunyata. Wifi alitaka picha nzuri ya Chiriku juu ya bata. Kamba ikaonekana kuharibu picha, akaifungua. Fulana nayo ikaonekana kuficha vazi jipya la kuogelea, akamwambia mtoto aivue, naye akaivua na kuivalisha mgongo wa kiti kilichokuwa karibu na maji. Picha ilitoka safi. Mara simu ya wifi ikalia. Alikuwa shoga yake. Akageuka, akaanza kusimulia safari kuanzia mwanzo. Kamba ikabaki mchangani.

Mama alimenya yai, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akamenya la pili. Tano. Akamenya la tatu, akahesabu tena, na hesabu ilikuwa sawa kabisa.

Ila kuna kitu kilimkaa vibaya kifuani, kama sindano iliyosahauliwa kwenye pindo. Akatega sikio. Alisikia pacha wakigombea ndoo, baba akiimba, wifi akicheka na simu yake. Kisha akatambua asichokisikia. Mayai matatu yalikuwa yamemenywa bila mtu kumwuliza swali.

"Chiriku!"

Kimya.

Alisimama. Fulana ya tano ilikuwa imekaa wima kitini, na juu yake hapakuwa na kichwa.

"Mwanangu yuko wapi?" Sauti yake ilipasua ufuko mzima. Alitupa macho baharini. Yale maji ya beseni yalikuwa yametulia vilevile, hayana hata kunyanzi moja, na mbali huko, nje ya mstari wa maboya mekundu, kulikuwa na nukta ya manjano ikipungua.

Mlinzi alikuwa keshaiona. Filimbi ililia mara tatu. Aliruka kutoka kitini, akaukumbatia ubao wake mrefu wa kuokolea watu, akaingia nao majini na kuanza kupiga makasia ya mikono. Baba alichomoka mchangani kama muhogo uliong'olewa, akakimbilia maji, lakini mama akamdaka fulana.

"Hujui kuogelea, baba watoto! Usinifanye nilie mara mbili!"

Simu ilimponyoka wifi. Akapiga magoti, mikono kichwani. "Ni mimi niliyefungua kamba, wifi. Ni mimi."

Mama maneno yote alikuwa ameyaelekeza baharini. "Kaa hapo, mwanangu. Usiruke. Kaa hapo hapo." Alikuwa akinong'ona tu, mtoto hakuweza kumsikia. Nukta iliendelea kupungua. Ubao uliendelea kuifuata, nao ukawa nukta. Pacha walimshika mama yao huku na huku, na kwa mara ya kwanza maishani mwao hawakugombana.

Hatimaye zile nukta mbili zikawa moja. Kisha nukta ikaanza kukua.

Chiriku alirudi ameketi mbele ya mlinzi, bata akiburutwa nyuma kama mfungwa. Miguu yake ilipogusa mchanga, mama alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa.

"Mama, mbona unalia? Nilikuita, nikaona husikii, nikanyamaza. Nilitaka kuruka niogelee, halafu nikakumbuka ulivyosema sokoni, ukipotea usikimbie, kaa ulipo mpaka nije. Nikakaa. Nikamkaba bata shingo. Mama, kule mbali maji ni meusi! Na huyu mama mlinzi ana watoto wanne. Na amesema samaki hawalii. Mama, mayai yamebaki?"

Watu waliokuwa wamekusanyika waliangua kicheko, na mlinzi akacheka kuliko wote huku akikamua nywele zake.

"Huyu mshukuruni mama yake," alisema. "Kama angeruka, nisingemkuta. Na wewe mama, ulijuaje? Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemwona, nikasikia ukelele wako."

"Alinyamaza," mama alijibu. "Huyu hanyamazi."

Wifi alikuja kichwa chini. "Nisamehe, wifi yangu. Nilikucheka."

"Nami nilihesabu nguo, sikuhesabu watu," alisema mama, akamfuta machozi kwa pindo la kanga yake. "Tumekosa wote. Njoo ule yai."

Hawakufupisha safari. Kesho yake walirudi ufukoni palepale, kwenye bahari ileile iliyonyamaza, wakacheza karibu na ukingo, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Mama hakuhesabu tena rangi. Alihesabu pua, moja moja, na alipofika kwa Chiriku alisubiri kwanza asikie swali. Bata alikuwa na kamba mpya yenye mafundo matatu, na ncha ya pili haikufungwa kwenye mwavuli. Wifi alikuwa ameifunga kiunoni mwake mwenyewe, na kila bata alipotikisika, naye alivutwa akayumba.

"Shangazi," aliuliza Chiriku, "sasa mbuzi ni nani?"

"Ni mimi, mama, tena acha nifungwe," alijibu shangazi, akiikaza kamba. "Jana nilijionea kwa macho yangu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu."