Bastola ya Kizibao

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuvaa kanzu, ni zamani ya juzijuzi tu, watu wakiwa na simu mfukoni na bado wanaitana kwa kelele ng'ambo ya barabara, katika mji wa Kwekibula, chini ya milima ya Usambara, Bwana Shechambo aliumbuka mbele ya wilaya nzima.

Shechambo alikuwa mtu wa makamo, kitambi mbele, safari nyuma. Alipika kwenye meli, aliendesha malori mpaka Lubumbashi, alifukuzwa Muscat kwa kosa ambalo kila akilisimulia linabadilika. Kila alikopita wenzake walinunua redio. Yeye alinunua bastola kuukuu. Si kubwa, la. Alipenda zile ndogondogo za kulala kiganjani, ambazo mabwana wa enzi hizo walizitia katika mfuko wa kizibao, pale inapokaa saa ya mnyororo. Kibali alikuwa nacho, na zote zilikuwa zimezibwa mitutu. Hazikumtisha hata panya.

Siku ya maonyesho ya wilaya akapewa meza. Akatandika kitambaa chekundu, akainua kipenzi chake alichokinunua Bujumbura.

"Mabibi na mabwana! Hii ni ya Ubelgiji. Umri wake ni wa babu yako na babu yake! Dunia nzima zimebaki za kuhesabu!"

Akabonyeza triga kwa madaha. Ukatoka moto. Si wa risasi. Ulimi mdogo wa buluu, umesimama wima kama mshumaa wa keki.

Mgeni rasmi akachomoa sigara, akainama, akaiwasha, akavuta. "Asante, Bwana Shechambo. Kitu kizuri."

Tangu siku hiyo mji ulimsahau Shechambo, ukamjua Bwana Kiberiti. Mkewe, Mama Mahimbo, alimchukua yule Mbelgiji wa bandia akamtia jikoni, akawa anawashia mkaa.

Sasa, katika mji huohuo alikuwapo Bi Zaina, Mpare, muuza tangawizi sokoni. Bi Zaina alikuwa na jambo moja tu kubwa maishani, nalo ni hadithi ya bibi yake, Namkunda.

Bibi Namkunda alikuwa dobi wa mzungu mwenye shamba la mkonge. Siku moja wakata mkonge waligoma. Mzungu akaapa kwamba kesho yake atakuja na kile kidogo, bastola yake ya mfukoni, amlaze mmoja, wengine wafanye kazi. Jioni hiyo kizibao chake kikaletwa kupigwa pasi, na kile kidogo kimesahauliwa mfukoni. Namkunda hakupiga kelele. Alichukua shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, akaisokomeza ndani ya tumbo la bastola mpaka ikakwama, akaikatia humohumo. Akairudisha mfukoni. Akakipiga pasi kizibao, kikanyooka kama uso wa karani. Asubuhi mzungu akasimama mbele ya watu, akachomoa, akalenga, akavuta. Wakata mkonge wamegoma, na triga nayo ikagoma! Watu wakacheka, mzungu akaitupa majanini kwa hasira. Namkunda akaiokota, risasi akazitosa chooni, bastola akaizika chini ya mafiga.

Hiyo ndiyo hadithi. Bi Zaina alirithi hadithi na mafiga, na kilichokuwa chini yake. Alikaa nacho kimya, maana kukutwa nacho ni jela.

Na hadithi hiyo ilikuwa na adui. Fundi Temba, Mchaga, mchomeleaji vyuma, mtani wake Bi Zaina. Msibani yupo, harusini yupo, na popote alipo husema:

"Huyo si mjukuu wa bibi aliyeishinda bastola kwa sindano? Kesho atatuambia aliiangusha ndege kwa mwiko!"

Watu hucheka. Utani hauna mahakama. Lakini Bi Zaina alikuwa haucheki tena.

Siku moja, sokoni, mchana kweupe, utani ulimfika kooni. Akaenda kwake, akafukua mafiga, akarudi na kitu kwenye khanga. Akakiweka mkononi mwa Shechambo, watu wamezunguka.

"Kaka Shechambo, wewe unavijua hivi. Sema mbele ya huyu Temba. Hii nini?"

Shechambo akakigeuza. Maandishi yamefutika. Triga haibonyei. Chini ya mpini pamejaa masizi na udongo uliokauka kama saruji. Moyo ukamwambia: bastola, tena ya kizibao, tena nzuri. Masikio yakamkumbusha: "Asante, Bwana Shechambo. Kitu kizuri." Akatazama watu, akaona meno ya watu yanajiandaa.

"Dada," akasema, "hiki... hiki ni kiberiti. Kimeharibika."

Soko likaanguka kwa kicheko. Temba alishika nguzo asidondoke. "Kumbe bibi aliiba kiberiti! Kwa sindano!"

Bi Zaina akakifunga tena kwenye khanga, polepole.

"Chekeni. Mimi Mpare, kesi kwangu ni chai ya asubuhi. Kesho polisi wanachoma silaha haramu uwanjani, na anayesalimisha kwa hiari hashtakiwi. Nitaipeleka. Kiberiti polisi hawakipokei. Wakiipokea, bibi yangu alisema kweli. Heri iungue ikiitwa bastola kuliko ikae kwangu ikiitwa kiberiti."

"Dada, itapotea," Shechambo akanong'ona.

"Wewe umekwisha kuipoteza."

Kesho yake Bi Zaina akaipeleka, na Afande Rwegoshora, mkuu wa polisi, akaipokea. Lakini Afande siku hiyo alipokea kila kitu: magobole, mapanga, hata mtego wa nguruwe. Ikatupwa juu ya rundo, kuni zikamwagiwa dizeli.

Asubuhi hiyohiyo Mama Mahimbo alikuwa anamgombeza mumewe. "Mbelgiji wako hawaki. Mtie mafuta, nataka chai."

Shechambo akamgeuza Mbelgiji kichwa chini, akafungua kile kiskrubu cha kutilia mafuta. Akakitazama kiskrubu kiganjani.

"Mke wangu, kiberiti kisicho na tundu la mafuta kinakunywa nini?"

"Kitakunywa maji ya baraka. Tia mafuta."

Lakini Shechambo alikuwa ameshaikumbuka ile ya Bi Zaina. Pamoja na masizi yote, kwenye ukingo wa mpini hakupapasa skrubu wala alama ya skrubu. Na mgongoni mwa mpini palikuwa na kile kibonyezo cha chuma kinachozama ukiukamata mpini barabara, cha kuzuia bastola isijilipukie mfukoni. Kiberiti kinajizuia kulipuka kwa ajili ya nani? Kiganja chake kilikuwa kimekigusa jana. Kiganja kilijua, mdomo ukakana.

Akatoka mbio, msuli kiunoni, ndara mguu mmoja. Amezunguka Afrika nusu, lakini safari ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya kwake mpaka uwanjani, maana watoto walimshangilia njia nzima: "Bwana Kiberiti! Moto uko huko!"

Alipofika, rundo linawaka.

"Zimeni! Nilikosea! Ni bastola! Ya bibi yake Zaina ni bastola ya kweli!"

"Basi si ndiyo maana tunaichoma?" akasema Afande. Watu wakacheka.

Mmoja hakucheka. Fundi Temba alikuwa karibu kuliko wote, maana ndiye aliyekodiwa kukata mitutu baada ya moto. Alimtazama Bi Zaina. Bi Zaina alikuwa amesimama wima, anautazama moto bila kupepesa, machozi yanashuka bila ruhusa yake.

Temba akaruka kamba iliyowazuia watu.

"Fundi, rudi! Hiyo ni mali ya serikali!"

"Ni mali ya mtani wangu, Afande! Mtani akichukua haulizwi!"

Akatia mkono. Glavu zake ziko karakana, mkono ni mtupu. Akaitoa, akapiga ukelele, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Chwaaa!

Udongo ukapasuka, ukatoka. Vibao vya mpini vilikuwa vimeungua. Shechambo akaipokea kwa pindo la msuli, akaichungulia tumboni, akapiga magoti.

"Njooni muone. Afande, njoo. Temba, njoo wewe kwanza."

Ndani, kutoka chini ya mpini mpaka nyuma ya triga, ilikuwa imelala shazia. Nyeusi, nene, imekatwa kichwa. Ukivuta triga, inajibu shazia.

Wazee wa mkonge waliokuwapo wakavua kofia, si kwa Afande.

Afande Rwegoshora akaitazama sindano, akautazama mkono wa Temba, akakohoa.

"Nimeishiwa sheria. Kitu hiki hakiwezi kuua. Nitakiombea kibali, kikae kwenye kisanduku cha kioo. Lakini bastola haimilikiwi na kundi kama kwaya. Kibali kimoja, mwenyewe mmoja, jina lake kwenye kioo. Nitajieni nani."

Bi Zaina akasema: "Mimi. Bibi yangu aliishinda, mimi nimeilinda. Nimepikia juu ya jela maisha yangu yote. Nisingeilinda, mngechoma nini, mngeokoa nini, mngetambua nini?"

Temba akamjibu: "Na nani aliyeileta motoni? Si wewe, kwa mkono wako? Ulikwisha kuiacha, dada. Kilichoachwa motoni ni cha aliyekitoa. Ngozi yangu imebaki juu ya chuma hicho, bandueni muone. Na mimi ni mtani, nilichukua mbele ya macho yenu, hamkunizuia."

Shechambo akasema, akiwa bado na ndara moja: "Temba, ulitia mkono kwa sababu mimi nilipiga kelele. Ningebaki kwangu nanywa chai, leo ni kipande cha chuma kisicho na jina. Nilikubali kuchekwa mara ya pili ili bibi yule asichekwe tena. Aliyeipa jina lake ni mimi."

"Jina gani?" Bi Zaina akamgeukia. "Jina la kwanza ulilolitoa ni kiberiti. Uliogopa meno ya watu. Bibi yangu alishika bastola yenye risasi, hakuogopa."

"Ni kweli, dada."

"Na wewe Temba, mkono umeungua leo, lakini ulimi wako umemchoma bibi yangu tangu nikiwa msichana. Huo nao unadai tuzo?"

"Ule ulikuwa utani."

"Kumbe na huu ni utani! Nipe bastola yangu tucheke wote."

Temba akacheka, kisha akaacha. "Lakini leo asubuhi, Zaina, wewe mwenyewe ulimtia bibi yako kwenye rundo la magobole ili tu utushinde. Ulikuwa unamtetea yeye, au ulikuwa unajitetea wewe?"

Bi Zaina akainua kidevu, akamkabili Afande.

"Andika jina la Namkunda. Mimi sitaki langu. Wala hao wasiandikwe. Ukikataa, rudisha motoni, na mimi nitasimama hapahapa niiangalie ikiungua. Yeye aliigomesha, na mimi nagoma."

Watu wakapiga vigelegele. Shechambo mwenyewe alipiga makofi, akadhani kesi imekwisha, akaanza kutafuta ndara yake ya pili.

Afande akatikisa kichwa.

"Marehemu hapewi kibali. Nitajie aliye hai."

Haya, nyinyi mnaonisikiliza mkijua kila kitu, marehemu ameshatolewa, msimkimbilie. Wamebaki watatu mbele ya moto: aliyeilinda akaitupa, aliyeitambua baada ya kuikana, na aliyeitoa motoni baada ya kuicheka. Kioo kina nafasi ya jina moja. Je, nani alistahili?