Dola Safi ya Mzee Mhina

Hapo zamani, na msiniulize mwaka kwa sababu mkianza hatumalizi, Pangani aliishi Mzee Mhina aliyekusanya dola za fedha za Kimarekani. Dola, si reale, ile fedha ya kale ya pwani. Kila nikifika hapa kuna mtu husema reale.

Ni dola nzito za kale, upande mmoja kichwa cha mwanamke, upande wa pili tai. Alizipanga katika sanduku la mninga lenye vishimo ishirini na nane. Ishirini na saba vilijaa. Cha mwaka 1889 kilikaa kitupu miaka thelathini, kwa sababu mzee aliitaka ile adimu, yenye herufi mbili ndogo, CC, chini ya tai.

Macho yake yakaanza kufifia. Akatangaza barazani kwake: "Atakayeniletea dola hiyo, iwe safi, sanduku lote ni lake. Nataka nilione limejaa kabla sijawa kipofu."

Watu watatu walisikia. Wote watatu walisikia "safi".

Wa kwanza, jirani yake Bi Mwanamvua. Alikuwa na kidani cha marehemu bibi yake, katikati kina sarafu nyeusi tii iliyoshikwa kwa waya. Alijua tu kwamba ina tai. Akakitoa kidani alichoolewa nacho, akakipeleka kwa sonara.

Wa pili ndiye sonara huyo, Fundi Shekue. Alikata waya kutwa nzima asiache mkwaruzo hata mmoja. Kisha akautazama ule weusi. "Mzee kasema safi," akajiambia. Akachukua majivu, akachukua ndimu, akasugua. Akasugua tena. Chini ya tai vikatokea vijidude viwili kama ndoana.

Wa tatu, Mwantumu, mpwa wa mzee, mwalimu mwenye mizani na lenzi. Wakampelekea dola aikague. Akapima: gramu ishirini na sita na nukta saba. Akasoma mwaka. Akavisoma vile vijidude: CC. Akashika kichwa.

"Fundi, umeisugua?"

"Kwa majivu laini, mwalimu. Angalia inavyong'aa!"

"Safi ya wakusanyaji ni ile isiyoguswa! Ule weusi ndio ulikuwa heshima yake. Sasa kila mkusanyaji ataikunjia uso."

"Ungesema mapema."

"Hamkuniuliza!"

"Na siku zote hizo ulikuwa wapi na lenzi yako?" akauliza Bi Mwanamvua. "Kidani nimekivaa kwenye harusi yako mwenyewe, umekisifu!"

Wakaenda kwa mzee wakizozana njia nzima.

"Bila kidani changu mngekuwa mnasugua sahani," akasema Bi Mwanamvua. "Sanduku langu."

"Bila majivu yangu herufi zingebaki zimezikwa," akasema Fundi Shekue. "Sanduku langu."

"Bila mimi mngedhani ni ndoana," akasema Mwantumu. "Mjomba, sanduku langu."

Mzee Mhina akaipapasa dola, akanusa kidole. "Ndimu," akasema. "Miaka thelathini, halafu ndimu! Shekue, nilisema safi, sikusema ioshwe. Mwantumu, hili ulilijua ukanyamaza. Mwanamvua, ungeniletea na waya wake! Mmeniua, nyote watatu."

Akaipachika kwenye kishimo kwa hasira. Ikaingia sawasawa. Akainamisha uso hadi pua ikakaribia kugusa sanduku, akakaa hivyo.

"Mjomba?"

"Hizi ishirini na saba sijaziona tangu mwaka juzi," akasema. "Nyeusi ndani ya giza. Hii naiona."

Akafunga sanduku, akaliweka mapajani, akawageuzia uso mmoja baada ya mwingine.

Nami hapo ndipo ninapochoka, maana kila ninapoisimulia watu hugombana hadi chai inapoa. Basi gombaneni, lakini mnijibu: dola ile ilikuwa safi, au haikuwa? Na kama ilikuwa, je, nani alistahili sanduku?