Magunia ya Shelukindo

Tajiri Shelukindo alimtaka mkuu wa gulio amfutie ushuru. "Magunia yenye jina langu yapite bure. Biashara yangu ikikua, pengo la ushuru nitaliziba mwenyewe."

Mkuu, msomi wa uchumi, alisadiki. Wakati ukuaji ukisubiriwa, pengo wakazibishwa wauza nyanya kwa ushuru maradufu.

Tunu, muuza nyanya aliyekaribia kufunga genge, akamwendea tajiri. "Shikamoo, baba. Tugawie magunia yako matupu, tukutangaze."

"Marahaba, binti yangu. Chukueni yote!"

Gulio lililofuata, kila gunia la nyanya lilikuwa limeandikwa Shelukindo. Langoni haikuingia hata senti.

"Hongera!" mkuu alimkumbatia tajiri. "Umekua mpaka umeenea gulio zima! Sasa lile pengo..."

"Nyanya hizo si zangu!"

"Usione haya, baba," Tunu alisema. "Au hujakua, ushuru wako urudi?"

Shelukindo akatoa pochi.